Upungufu wa damu usiosikia dawa

Lamadi, kandokando ya Ziwa Victoria, mtu mzima akichoka kupita kiasi na viganja vikapauka, majibu yapo tayari: malaria, kichocho, minyoo, au sikoseli. Mara nyingi majibu hayo ni sahihi. Anatibiwa, anapewa vidonge vya kuongeza damu, anapata nafuu. Lakini yupo anayemeza vidonge miezi na miezi, anaongezewa damu, na baada ya wiki chache imeshuka tena. Huyu ana nini?

Swali hili limewasumbua madaktari kwa miongo mingi. Mwaka 1938, Rhoads na Barker wa Marekani walieleza wagonjwa wa namna hii, wakauita upungufu wa damu sugu. Jina lilieleza tabia tu, chanzo hapana. Mwaka 1949, Hamilton-Paterson akaeleza wagonjwa ambao baadaye walipata saratani ya damu, hivyo ukaanza kuonekana kama kitangulizi cha saratani. Nalo halikutosha, maana wengi hawafiki huko. Wapo wanaofariki mapema kwa maambukizi au kuvuja damu.

Jibu lilikuwa ndani ya mfupa. Uloto ndio kiwanda cha damu. Ungedhani kwa wagonjwa hawa kiwanda ni kitupu. Kumbe kwa wengi kimejaa! Seli zinatengenezwa, ila zina kasoro na nyingi zinakufa kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu. Ndiyo maana vidonge vya madini chuma havisaidii: malighafi ipo, mtambo ndio mbovu. Mwaka 1982, wataalamu wa Ufaransa, Marekani na Uingereza waliugawa ugonjwa huu katika makundi matano, wakauita sindromu za mielodisplasia.

Baada ya jina, tiba zikafuata. Azasitidini, iliyotengenezwa Prague miaka ya 1960, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Mwaka 2005 ikaja lenalidomidi, kwa waliopoteza kipande cha kromosomu namba 5, kasoro iliyoelezwa na Van den Berghe wa Ubelgiji mwaka 1974. Inayoweza kuponya kabisa ni kupandikiziwa uloto wa mtu mwingine. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza upandikizaji huo mwaka 2023 kwa watoto wenye sikoseli. Ila wagonjwa wengi wa mielodisplasia ni wazee, na si wengi wanaoweza kuustahimili.

Kwa hiyo tusidharau hatua ya kwanza: kutambua. Damu isipopanda licha ya dawa, omba kipimo cha picha kamili ya damu. Kwanza daktari aondoe shaka ya VVU, kifua kikuu na upungufu wa vitamini B12, maana navyo huiga ugonjwa huu. Jibu la mwisho hutoka kwenye uloto wenyewe, unaovutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Kutoka Lamadi, hiyo ni safari ya hospitali ya rufaa kama Bugando, Mwanza. Ni mbali, lakini vidonge vya mwaka mzima visivyogusa tatizo vinamchelewesha mgonjwa zaidi.