HOTUBA YA JA'FAR MBELE YA NAJASHI: KUPANGA MANENO SI KUFICHA HAKI

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Tunapoitaja hotuba katika kurasa kama hizi, aghlabu tunazungumzia nguzo na sharti zake: kumhimidi Allah, kumsalia Mtume, kuusia uchamungu, kukaa baina ya hotuba mbili. Mambo hayo yamekwisha kufafanuliwa na wanazuoni wa fiqhi. Lakini liko suala jingine ambalo hatulipi haki yake: je, maneno hutayarishwa vipi hata yakamgeuza msikilizaji asiyekuwa katika sisi, ambaye hakulazimika kutukubali, na ambaye uamuzi umo mkononi mwake? Kwa jibu la suala hili, tunaona hakuna mfano bora katika Sira kuliko hotuba ya Ja'far bin Abi Talib (r.a.) mbele ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi.

Hali ilivyokuwa

Katika mwaka wa 5 tangu kupewa utume, sawa na mwaka 615 Miladia, mateso ya Makureshi yalipozidi, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Sahaba zake wahamie Uhabeshi, kwa kuwa huko kulikuwa na mfalme ambaye mtu hadhulumiwi mbele yake. Walianza wachache, kisha likafuata kundi kubwa lililofikia wanaume wapatao 80, mbali na wanawake na watoto. Miongoni mwao alikuwa Umm Salama (r.a.), wakati huo mke wa Abu Salama. Yeye ndiye aliyesimulia kisa hiki kwa urefu, na kimepokewa na Ibn Ishaq katika Sira na Imam Ahmad katika Musnad.

Msomaji asiichukulie hotuba hii kama mashindano ya ufasaha. Lau Najashi angewakabidhi kwa wajumbe wa Makka, wangerejeshwa katika minyororo na mijeledi waliyoikimbia. Nyuma yao kulikuwa na bahari, na mbele yao mfalme wa dini nyingine.

Maandalizi ya Makureshi

Ni lazima tuwe waadilifu katika kusimulia. Makureshi nao walijiandaa, tena vizuri. Kwa riwaya ya Umm Salama, walimtuma Amr bin al-As, mtu aliyejulikana kwa werevu, pamoja na Abdullah bin Abi Rabi'a. Katika riwaya ya Ibn Mas'ud (r.a.) anatajwa Umara bin al-Walid. Walichukua zawadi za ngozi, kwani ndizo zilizopendwa sana huko. Wakamtengea kila mkuu wa baraza la mfalme zawadi yake, wakampelekea kabla ya kuonana na mfalme mwenyewe.

Hoja yao waliipanga kwa ustadi. Walisema kuwa hawa ni vijana wapumbavu walioiacha dini ya watu wao, wala hawakuingia katika dini ya mfalme, bali wamezua dini isiyojulikana na upande wowote. Maneno hayo machache yanamtoa mtu kwa jamaa zake na kwa mwenyeji wake papo hapo. Kisha wakawaomba wale wakuu wamshauri mfalme awakabidhi watu hao bila ya kuzungumza nao.

Hapo ndipo maandalizi yao yote yalipoharibika. Mwenye kuiamini hoja yake haogopi mwenzake kusikilizwa. Najashi alikasirika, akakataa kuwatoa watu walioteremka katika nchi yake na kumchagua yeye kuliko wengine mpaka awaite na kuwauliza. Ndiyo kanuni ambayo baadaye Mtume (s.a.w.) alimfundisha Ali (r.a.) alipompeleka Yemen kuwa kadhi: asihukumu kwa kauli ya mmoja mpaka amsikie na wa pili.

Maandalizi ya Muhajirina

Walipofikiwa na mjumbe wa mfalme, Muhajirina walikutana na kuulizana watamwambia nini. Wakaafikiana kwamba watasema wanayoyajua na waliyoamrishwa na Mtume wao, liwe litakalokuwa. Tukizingatia, tutaona kuwa jambo la kwanza walilolipitisha halikuwa namna ya kusema, bali mpaka wa kusema: hawatasema uongo hata kwa ajili ya kujiokoa.

Jambo la pili ni kumteua msemaji. Katika riwaya ya Ibn Mas'ud, Ja'far aliwaambia kuwa yeye ndiye khatibu wao siku hiyo, nao wakamfuata. Hawakwenda kila mmoja na neno lake. Watu wengi wenye haki wameshindwa kwa sababu walizungumza wote kwa pamoja.

Wapo wanaodhani kuwa kutayarisha maneno ni dalili ya udhaifu wa imani. Dhana hiyo haina msingi. Umar bin al-Khattab (r.a.) mwenyewe alisimulia, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba siku ya Saqifa, mwaka wa 11 Hijria (632), alikuwa ameshayapanga moyoni mwake maneno yaliyompendeza. Abu Bakr (r.a.) akamzuia, akazungumza yeye, na hakuliacha hata moja katika yale aliyoyaandaa Umar ila alilisema mfano wake au bora zaidi. Basi kutayarisha ni mwenendo wa Sahaba, na kumwachia nafasi anayejua kusema zaidi ni mwenendo wao vilevile.

Mpangilio wa hotuba

Najashi aliuliza swali moja: ni dini gani hii mliyowaacha watu wenu kwa ajili yake, wala hamkuingia katika dini yangu? Ja'far hakuanza kwa kujibu matusi ya vijana wapumbavu, wala hakuwataja Amr na mwenzake kwa ubaya. Maneno yake, kwa muhtasari, yalikwenda kwa hatua tano.

Kwanza, alikiri aibu ya watu wake: waliabudu masanamu, wakala mizoga, wakakata udugu, wakawaudhi majirani, na mwenye nguvu akamla mnyonge. Alijumuisha nafsi yake katika kukiri huko. Msikilizaji humwamini zaidi anayeanza kwa kujihukumu mwenyewe.

Pili, alimtaja Mtume (s.a.w.) kwa sifa ambazo hata wapinzani waliosimama pale hawakuweza kuzikanusha: nasaba yake, ukweli wake, uaminifu wake na usafi wa mwenendo wake.

Tatu, alieleza mafundisho yake: kumuabudu Mungu mmoja, kusema kweli, kurejesha amana, kuunga udugu, kumtendea wema jirani, kuacha kumwaga damu, kutokula mali ya yatima. Haya yote ni mambo ambayo mfalme Mkristo mwadilifu angeyatambua kuwa ni mema bila ya kuhitaji ushahidi mwingine.

Nne, alieleza dhuluma waliyofanyiwa kwa sababu ya mambo hayo hayo.

Tano, alilitaja ombi: tumeichagua nchi yako kuliko nyingine, na tunataraji hatutadhulumiwa kwako. Hakuomba mali wala cheo. Aliomba uadilifu, jambo ambalo mfalme alikuwa tayari akijulikana nalo.

Najashi akamuuliza kama anacho chochote katika alichokuja nacho Mtume huyo. Ja'far akamsomea mwanzo wa Sura ya Maryam. Katika Qur-ani yote, alichagua habari za Zakaria, Yahya, Maryam na Isa (a.s.), zinazojulikana na waliokuwamo barazani. Mfalme akalia mpaka ndevu zake zikarowa, na maaskofu wake wakalia. Akakataa kuwatoa.

Siku ya pili

Lau kisa kingeishia hapo, mtu angeweza kusema kuwa Ja'far alifaulu kwa kusema yanayopendeza tu. Amr naye aliliona hilo. Kesho yake alirejea kwa mfalme na kumwambia kuwa watu hawa wanasema neno zito juu ya Isa mwana wa Maryam. Abdullah alikuwa amejaribu kumzuia kwa kuwa wale ni jamaa zao, lakini hakusikilizwa.

Umm Salama anasimulia kuwa halijawafika jambo kama hilo. Wakakutana tena, na uamuzi ukawa ule ule: watasema aliyoyasema Allah. Ja'far akaulizwa, akajibu bila ya kuzunguka, kwamba Isa ni mja wa Allah na Mtume wake, roho itokayo kwake, na neno lake alilompelekea Maryam bikira. Najashi akaokota kijiti chini, akasema Isa hakuzidi hayo hata kwa kadiri ya kijiti kile. Maaskofu walinung'unika, naye hakuwajali. Akawapa Muhajirina amani, na akaamuru zawadi za Makureshi zirudishwe.

Nukta juu ya riwaya

Huenda msomaji akauliza: mbona katika riwaya Ja'far anataja saumu, na ilhali saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria? Baadhi ya wanazuoni wamejibu kuwa iliyokusudiwa ni saumu na sadaka kwa ujumla, kabla ya hukumu zake kupangwa. Wengine wameona kuwa hotuba imepokewa kwa maana yake, si kwa kila herufi. Kwa vyovyote, mpangilio wa hoja na tukio lenyewe haviathiriki.

Funzo

Tunalolipata hapa ni kuwa kupanga maneno si kuficha haki. Siku ya kwanza Ja'far hakuanza na suala la Isa, kwa kuwa hakuulizwa, na kwa kuwa hekima ni kuanza na lile ambalo msikilizaji anaweza kulipima. Siku ya pili alipoulizwa, hakulipunguza. Lau angelipunguza, hata hotuba ya jana ingegeuka kuwa hila. Khatibu wetu wa leo na ajiulize mambo mawili kabla ya kusimama: ni lipi msikilizaji wangu analolijua tayari kuwa ni haki, ili nianze nalo? Na akiniuliza lile ninaloliogopa, nitamjibu nini? Asiyekuwa na jibu la swali la pili bado hajajiandaa.

Ja'far alibaki Uhabeshi mpaka mwaka wa 7 Hijria (628), akamkuta Mtume (s.a.w.) katika ushindi wa Khaybar, na akafa shahidi Mu'ta mwaka uliofuata. Najashi alipofariki, Mtume alimswalia naye akiwa Madina, kwa takbira nne, na hapo ndipo mafaqihi walipoanzia mjadala wao juu ya kumswalia maiti aliye mbali. Na Amr bin al-As, aliyesafiri na zawadi ili watu wasisikilizwe, alirudi tena Uhabeshi miaka ya baadaye, na kwa mujibu wa Ibn Ishaq alisilimu kwa mkono wa Najashi yule yule.

Wallahu a'lam.