Miaka 21 bila baraza: historia ya heda za Linux

Mchuuzi anaponunua samaki mnadani pale ufukweni Bagamoyo akalipa kwa simu, programu iliyomo kwenye simu hiyo huomba kusoma data kwa namba. Kwenye simu za Android za biti 64 zenye prosesa za ARM, kusoma ni namba 63, kuandika ni 64. Anayeombwa ni keneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, na ndiyo yenye ruhusa ya kugusa kumbukumbu na vifaa vya simu. Namba hizo zikibadilishwa kesho, programu zilizokwisha kuundwa zitakwama.

Namba hizo, pamoja na maumbo ya data ambayo pande mbili zimekubaliana, huandikwa katika mafaili yaitwayo heda. Ajabu ni kwamba tangu Linus Torvalds aanze kuunda Linux mwaka 1991, kwa miaka 21 makubaliano hayo yalikaa katika mafaili yale yale yenye mambo ya ndani ya keneli.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Mtaa wa India, Bagamoyo, walijua zamani kwamba mambo ya wageni yatengwe na ya ndani. Mgeni huketi barazani, hunywa kahawa, humaliza shida yake na kuondoka bila kujua ndani kumepangwaje. Linux haikuwa na baraza. Ilikuwa na pazia tu: mstari wa #ifdef __KERNEL__, wenye maana kwamba yanayofuata, mpaka mstari wa kufunga, ni ya keneli peke yake. Ukisahauliwa mahali pamoja, siri inatoka, na programu ikishaitegemea huwezi kuirudisha.

Mwaka 2000 Torvalds aliwakanya waliokuwa wakiunganisha folda ya heda za programu moja kwa moja na msimbo wa keneli. Waandaaji wa matoleo ya Linux wakawa wanasafisha heda kila mtu kivyake, na Mariusz Mazur akawapunguzia wengi mzigo kwa mradi wake wa linux-libc-headers. Mwaka 2006, katika Linux 2.6.18, David Woodhouse aliingiza amri ya headers_install. Keneli ikaanza kutoa yenyewe nakala iliyochujwa, ingawa chanzo kilibaki kimechanganyika.

Aliyekipasua chanzo ni David Howells wa kampuni ya Red Hat. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa humo humo ndani ya keneli: heda zilikuwa zikiitana kwa mduara, hii ikiihitaji ile na ile ikiihitaji hii. Aliona sehemu ya nje ikiondolewa, fundo lingelegea. Mafaili yalikuwa mengi mno kwa mkono wa mtu mmoja, kwa hiyo aliandika skripti za kuyagawa. Kazi ikaingia Oktoba 2012, ikatoka na Linux 3.7 tarehe 10 Desemba. Makubaliano yakahamia folda ya include/uapi.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ilikuja pembeni. Torvalds ni mkali: keneli mpya isivunje programu ya zamani. Awali mkaguzi alilazimika kusoma faili zima ajue kama ahadi imeguswa. Sasa jina la folda linamshtua mapema. Hata Bionic, maktaba ya msingi ya Android, ambayo husafisha heda kwa skripti zake, leo ina folda yake ya uapi.

Pwani yetu iliwahi kunufaika na utengano wa namna hiyo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Maneno ya kwenye skrini yaliweza kufasiriwa katika mafaili yake, mfasiri asiguse msimbo.

Kazi ya Howells haikumaliza kila kitu. Baadhi ya heda zilizomo include/uapi bado zina #ifdef __KERNEL__, na headers_install bado huzipitisha kwenye kichujio kabla ya kuzitoa nje.