Kaseti, Diski na Bando: Historia ya Njia za Filamu kutoka Karatu hadi Nainokanoka

Historia ya filamu nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutoka mijini. Kazi kubwa ya Laura Fair ya mwaka 2018, ambayo hadi sasa haina mshindani kwa upana wake, inahusu kumbi za sinema za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Arusha na miji mingine, na inatueleza vizuri namna watu walivyopanga foleni, walivyonunua tiketi na walivyobishana kuhusu picha walizoziona. Hata hivyo, kumbi hizo hazikupanda mlima. Kata ya Nainokanoka, iliyo katika nyanda za juu za Ngorongoro karibu na kreta ya Olmoti, kwenye njia iendayo Bulati na Embakaai, haipati nafasi katika historia ya namna hiyo. Insha hii inachukua swali linaloonekana dogo, yaani mtu achague kukodi filamu iliyo katika diski au kulipia filamu inayotiririshwa kwa intaneti, na kuliuliza kutoka Nainokanoka. Hoja inayotetewa ni kwamba swali hilo, kama lilivyoulizwa Marekani, lilitegemea mambo matatu ambayo huku hayakuwapo: posta inayofika mlangoni, mshahara wa kila mwezi, na sheria inayomruhusu mnunuzi wa nakala kuikodisha.

Ni vyema kuanza na Marekani, kwa kuwa ndiko swali lilikozaliwa. Kampuni ya Netflix ilianzishwa mwaka 1997, ikaanza kukodisha diski za DVD kwa njia ya posta mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikaweka utaratibu wa kulipa ada ya mwezi. Mteja alichagua filamu, bahasha nyekundu ikaletwa nyumbani kwake, naye akairudisha kwa posta hiyohiyo. Mwaka 2007 kampuni iliongeza utiririshaji, ambao mwanzoni ulikuwa nyongeza tu juu ya diski. Mwaka 2011 huduma hizo mbili zilitenganishwa: aliyekuwa akilipa takribani dola 10 kwa zote mbili alitakiwa kulipa dola 7.99 kwa kila moja, yaani dola 15.98. Wateja wapatao 800,000 waliondoka katika robo moja ya mwaka, na mpango wa kuipa huduma ya diski jina jipya la Qwikster ukafutwa kabla haujaanza. Ndipo kaya nyingi zilipolazimika kuchagua. Waliobaki na diski walikuwa na sababu nzito: orodha ya diski ilikuwa pana zaidi. Kwa sheria ya Marekani, aliyenunua nakala halali ya diski anaweza kuikodisha bila kumwomba ruhusa mwenye filamu, ilhali kila filamu inayotiririshwa huhitaji mkataba, na mkataba una tarehe ya kwisha.

Jambo hili la sheria mara nyingi hupitwa haraka, lakini ndilo linalotenganisha historia ya huko na yetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaiweka haki ya kukodisha nakala za kazi ya picha na sauti mikononi mwa mwenye kazi. Vivyo hivyo haki ya kuitafsiri na haki ya kuionyesha hadharani. Zaidi ya hayo, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilikwisha kuyaweka maonyesho ya filamu chini ya vibali. Kwa maneno mengine, duka la kukodisha kaseti, kibanda cha kuonyeshea video na filamu iliyotiwa maelezo ya Kiswahili, mambo matatu yaliyowafikishia Watanzania wengi filamu za nje, yote yalihitaji ruhusa ambayo kwa kawaida haikutafutwa. Mtafiti anayesoma sheria peke yake atadhani biashara hiyo haikuwapo, na anayeitazama biashara peke yake atadhani hapakuwa na sheria.

Video iliingia Tanzania Bara kabla ya televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo. Katikati ya vipindi hivyo, hasa baada ya biashara kulegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, deki na kaseti za VHS zilisambaa mijini, na pamoja nazo maduka ya kukodisha kaseti ambayo watu waliyaita maktaba za video. Kwa hiyo mtazamaji wa Bara alifahamu kukodi kabla ya kufahamu kituo cha televisheni. Kwake filamu ilikuwa kitu cha kushika mkononi, kinachotoka kwa mtu na kurudi kwa mtu.

Baada ya kaseti zilikuja diski. VCD moja hubeba kiasi cha dakika 74 hadi 80 za picha, na kipimo hicho kiliacha alama katika sanaa yenyewe. Filamu za Kiswahili zilizoshamiri baada ya *Girlfriend* ya George Tyson ya mwaka 2003 zilizoea kuuzwa kwa sehemu mbili, diski mbili na bei mbili, huku kampuni ya Steps Entertainment ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa. DVD, yenye nafasi ya gigabaiti 4.7, iliondoa ulazima huo lakini haikuondoa mazoea. Pia iliwapa wanakili nafasi ya kubana filamu nyingi katika diski moja. (Watumiaji waliendelea kuziita zote CD, na mtafiti anayefanya mahojiano hana budi kuuliza kila mara ni diski ya aina gani inayozungumziwa.)

Pamoja na diski walisambaa wasimulizi. Matthias Krings amewaandikia kwa kina wasimulizi wa video wa Tanzania, akiwamo Lufufu wa Dar es Salaam, ambao walichukua desturi iliyokwisha kukua Uganda: mtu mmoja huzungumza juu ya filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji, akifafanua, akitania na kuongeza mambo ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Kazi hiyo ilianza kwa sauti ya papo kwa papo kibandani, kisha ikarekodiwa na kuuzwa. Hapa kuna hoja ambayo mjadala wa diski na utiririshaji huko Marekani haukuwahi kuihitaji. Filamu ya Kihindi au ya Hong Kong iliyosimuliwa kwa Kiswahili ni bidhaa tofauti na filamu ileile isiyosimuliwa, na katika huduma kubwa za utiririshaji haipatikani, kwa kuwa tafsiri hiyo haina mkataba. Mtazamaji aliyezoea sauti ya msimulizi, akihamia kwenye utiririshaji, anapata picha safi zaidi na kupoteza filamu aliyoijua.

Sasa tupande mlima. Karatu ipo takribani kilomita 140 kutoka Arusha, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya lami kutoka Makuyuni imefika hadi lango la Lodoare. Baada ya lango, mambo hubadilika. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 kama ardhi ya matumizi mseto, wanyamapori na wafugaji pamoja, na tangu hapo ujenzi, kilimo na hata uingiaji vimekuwa chini ya mamlaka maalumu. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Mahali ambapo mtu hana uhuru wa kupanda mahindi wala kujenga nyumba ya kudumu bila ruhusa, duka la kudumu la kukodisha diski halina mazingira mazuri ya kuota mizizi. Hivyo ni sahihi zaidi kuielewa Nainokanoka kama mwisho wa njia ya filamu, ambayo kituo chake cha kupakulia mizigo kilikuwa Karatu.

Posta isingeweza kuifanya kazi hiyo. Nchini Tanzania barua kwa desturi haipelekwi nyumbani. Hupelekwa kwenye sanduku la posta, na mwenye sanduku hulifuata. Hata operesheni ya anwani za makazi iliyofanyika kabla ya sensa ya Agosti 2022 iliwekea nyumba namba bila kuleta mleta barua mlangoni. Netflix, wakati huduma yake ya diski ilipokuwa kileleni, ilikuwa na vituo zaidi ya 50 vya kugawia diski ili bahasha ifike kwa siku moja. Huku, kilichochukua nafasi ya bahasha nyekundu kilikuwa mkono wa mtu: kifurushi alichopewa kondakta, diski iliyofungwa ndani ya shuka, jamaa aliyekwenda mnadani. Mnada wa Karatu, unaojulikana kwa tarehe 7 na 25 za mwezi, ulikuwa na ratiba ya uhakika kuliko posta yoyote, na mtu aliyeshuka kuuza mbuzi alirudi na sukari, betri na, kama kuna deki nyumbani au kwa jirani, filamu.

Mnada unatufikisha kwenye suala la fedha, ambalo kwa maoni ya mwandishi ndilo kiini cha uchaguzi wote. Usajili wa mwezi ni ahadi: fedha itakatwa tarehe fulani, mtu atazame au asitazame. Ahadi hiyo humfaa mwenye mshahara. Mwalimu, muuguzi na askari wa hifadhi wana mwezi. Mfugaji ana msimu. Fedha yake hupatikana mnyama anapouzwa, nyingi kwa wakati mmoja, kisha hupita wiki ambazo hakuna kitu. Kwa mtu wa namna hiyo diski iliyonunuliwa mara moja ni akiba, na inaweza kutazamwa mwezi ambao mfuko ni mtupu. Usajili, kinyume chake, humgeukia wakati huohuo. Malipo kwa simu, yaliyoanza Tanzania kwa M-Pesa mwaka 2008, yalipunguza tatizo la kutokuwa na kadi ya benki, lakini hayakuweza kumpa mfugaji mwezi asiokuwa nao. Si ajabu kwamba bando la intaneti lenyewe likauzwa kwa siku na kwa wiki.

Netflix ilipofungua huduma yake kwa nchi 130 kwa mpigo mnamo Januari 2016, Tanzania ikiwamo, uchaguzi kwa mkazi wa Nainokanoka ulikuwa umekwisha kupata mshindani wa tatu. Kebo ya SEACOM ilikuwa imefika Dar es Salaam mwaka 2009, simu janja zilikuwa zimeshuka bei, na kwenye maduka ya steshenari ya miji midogo kompyuta moja ilitosha kuwa maktaba: mteja analeta flashi au memori kadi, anachagua, anarushiwa. Hesabu yake ni rahisi. Kutiririsha picha ya kiwango cha kawaida hutumia hadi gigabaiti moja kwa saa. Kadi yenye gigabaiti 16 hubeba filamu nyingi zilizobanwa, haitumii bando wala haihitaji mtandao, na simu yenyewe ndiyo deki na ndiyo kioo. Umeme wa jua ulifanya simu iwezekane pale ambapo televisheni haikuwezekana. Biashara ya sola za mkopo, ambayo kampuni ya Off Grid Electric iliianzia Arusha, ilijengwa juu ya malipo madogomadogo kwa simu, si juu ya ada kubwa ya mara moja. Kwenye nyanda za juu zenye ukungu mnene, hata hivyo, jua lenyewe ni la msimu.

Wakati flashi ikishinda, serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeishika diski. Mwaka 2013 kanuni za stempu za kodi kwa bidhaa za filamu na muziki zilitaka kila diski ibandikwe stempu. Nia ilikuwa njema, kwani wasanii walikuwa wakiibiwa mchana kweupe. Lakini stempu huhitaji ganda la kuibandikia, na filamu iliyorushwa kwenye kadi haina ganda. Kwa tathmini ya mwandishi, hapa ndipo wasanii wa Kiswahili walipopata hasara mara mbili: diski iliyowalipa kidogo ilififia kabla utiririshaji unaoweza kuwalipa haujawafikia watazamaji wao.

Mjadala huu haupo mbali na mgogoro mkubwa wa ardhi wa Ngorongoro. Tangu kaya zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, mwaka 2022, huduma zinazopatikana ndani ya hifadhi na zile zilizopo nje yake zimekuwa sehemu ya mabishano. Umeme, mnara wa simu na barabara ndivyo vinavyoamua kama mtu anaweza kutiririsha filamu, na ndivyo hivyo vinavyotajwa pale anaposhawishiwa kuhama au kubaki. Mwanahistoria wa filamu hawezi kuufanya uchaguzi wa mtazamaji kuwa suala la ladha tu pale ambapo miundombinu yake ni suala la siasa.

Netflix ilituma diski yake ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023, baada ya miaka 25 na diski zaidi ya bilioni 5, ikawaruhusu wateja wabaki na zile zilizokuwa mikononi mwao. Tanzania haikuwa na siku kama hiyo. Diski zilipungua dukani pasipo tangazo, na nyingi ya filamu za Kiswahili za mwongo wa kwanza wa karne hii zilitoka kwa VCD na DVD pekee, bila kupita katika jumba la sinema wala kuingia katika huduma yoyote ya kulipia. Kwa mtafiti atakayefuata, kazi ya kwanza ni kuzitafuta nakala hizo zilipo: katika masanduku ya waliokuwa na vibanda Karatu, Mto wa Mbu na Arusha, na katika maboma ambako deki iliharibika lakini diski hazikutupwa. Itabidi awahi, kwa sababu safu ya diski iliyonakiliwa nyumbani huharibika haraka kuliko ya kiwandani, na vumbi la barabara ya Ngorongoro linakwaruza.