Gitaa Moja la Kuvuka Nalo Tana

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata. Mliokuja kutafuta kodi mnivumilie, kesho ipo. Nataka tuzungumze juu ya gitaa la umeme, na hasa swali ambalo kila mpiga gitaa asiye na gari hujiuliza: ukiwa na gitaa moja tu, na kazi zako ni mchanganyiko, leo harusi, kesho kantini ya polisi, Jumapili kanisani, uchukue lipi?

Ukiwa Nairobi swali hili lina majibu mengi, na yote yanafaa. Gitaa likikusumbua utaazima la jirani, uzi ukikatika utashuka River Road. Sasa panda basi, nenda kama kilomita 370 kuelekea mashariki, vuka daraja la Tana uingie Garissa. Hapo majibu yanapungua sana. Wengi hudhani yanapungua kwa sababu ya umaskini au dini. Mimi nadhani sababu kubwa ni historia, na ukiifuata historia hiyo pole pole utafika mpaka kwenye swichi na waya za gitaa lenyewe. Tuendelee.

Chombo cha nyuzi kilichoujenga muziki wa kisasa wa Kisomali si gitaa. Ni kaban, yaani udi, ule ule tunaoujua kwenye taarab ya pwani. Anayeitwa baba wa muziki huo, Abdullahi Qarshe, alizaliwa Moshi mwaka 1924. Ndiyo, Moshi hii hii ya chini ya Kilimanjaro. Akiwa mtoto alihamia Aden, na huko akakutana na udi. Lakini tazama jambo moja ambalo mpiga gitaa asilisahau: nyimbo za Kisomali, kwa sehemu kubwa, zimejengwa juu ya sauti tano. Taarab ina zile sauti za katikati, robo robo, ambazo gitaa haliwezi kuzitoa kwa sababu vyuma vya shingoni vimeshakata sauti mahali pake. Muziki wa Kisomali hauna tabu hiyo. Chombo kilikuwa cha Waarabu, sauti zikabaki za Wasomali, na gitaa lilipofika lilikuta mlango uko wazi.

Basi mbona gitaa halikuingia Garissa kutoka upande wa Nairobi? Huku bara lilikuwapo zamani. Fundi Konde, mtu wa pwani aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1924, ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kushika gitaa la umeme. Katika miaka ya 1960 Nairobi ilijaa studio na bendi, na mwaka 1967 D.O. Misiani akaanzisha Shirati Jazz na benga ikashika njia yake. Lakini bendi hutembea mahali penye barabara, reli na hoteli. Reli ilitoka Mombasa ikapita Nairobi, Nakuru, mpaka Kisumu. Garissa haikuguswa.

Tena si barabara tu. Tangu mwaka 1902 Waingereza walikuwa na sheria ya kuifunga mipaka ya kaskazini, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Uhuru ulipofika Desemba 1963 kibali hakikuondoka. Mwezi huo huo hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki, vita vya shifta vikaendelea hadi 1967, na hali ya hatari yenyewe ikabaki mpaka Novemba 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Ndiyo maana mpaka leo utamsikia mzee wa Garissa akisema mwanawe "amekwenda Kenya", akimaanisha Nairobi. Wa nje hucheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Kibali huzuia watu, hakizuii mawimbi ya redio. Wakati njia ya Nairobi ilikuwa na vizuizi, Radio Mogadishu ilisikika. Na Mogadishu ya baada ya mapinduzi ya Oktoba 1969 ilikuwa na magitaa ya umeme kwa wingi, kwa sababu serikali ya Siad Barre iliufanya muziki kuwa kazi ya dola. Iftin ilikuwa bendi ya Wizara ya Elimu. Jeshi lilikuwa na kundi lake. Dur-Dur ya miaka ya 1980 haikuwa ya serikali, ila ilipata kazi zake kwenye hoteli kubwa za mji kama Jubba. Ukizisikiliza rekodi za Iftin na Dur-Dur utasikia gitaa linalofanya kazi tatu kwa wakati mmoja: linaiga kaban kwenye utangulizi, linakata mdundo wa dhaanto (ule ambao wengi huufananisha na rege), halafu ghafla linageuka kuwa la funki ya Kimarekani. Kwa hiyo mtu wa Garissa aliyekulia na redio ana picha yake ya gitaa la umeme lilivyo, na picha hiyo ilitoka mashariki.

Halafu ukafika mwaka 1991, na nadhani historia ilifanya mzaha mbaya. Januari serikali ya Mogadishu ilianguka, hoteli na bendi zikaenda nayo. Novemba hali ya hatari ikaondolewa upande wa Kenya. Njia ya kutoka Nairobi ilifunguliwa mwaka ule ule ambao chemchemi ya muziki ilikauka. Wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu, kambi za Dadaab zikaanzishwa katika eneo la Garissa, na Eastleigh ya Nairobi ikawa mji mwingine kabisa. Waimbaji walikuja na sauti zao. Amplifaya na seti za ngoma hazibebwi mgongoni.

Kilichochukua nafasi ya bendi ni kinanda cha umeme. Wenzangu wa kompyuta, hii si kibodi yenu! Kinanda kina ngoma ndani, kina besi ndani, kinaweza hata kujifanya kaban, na mpigaji ni mmoja na mwimbaji mmoja, basi harusi imekamilika. Ukiitazama kwa jicho la mtu wa programu ni uamuzi mzuri sana: vipuri vichache, vitu vichache vya kuharibika. Mwenye harusi analipa watu wawili badala ya wanane. Kinanda kimeshinda kwa haki.

Lakini gitaa halikufa. Kundi la Gargar, wanawake wa Kisomali wa Garissa, lilirekodi na Ketebul Music ya Nairobi, na mle gitaa na ngoma za wanawake zinakaa pamoja bila kugombana. Mwaka 2017 mkusanyiko wa kanda za zamani za Kisomali, Sweet as Broken Dates, ulitolewa na kampuni ya Ostinato ya Marekani na ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Vijana wakazisikia upya zile nyuzi. Mazingira yenyewe hayakuwa rahisi. Aprili 2010 wanamgambo waliamuru redio za Mogadishu ziache muziki, na vituo vikajaza nafasi kwa sauti za mawimbi ya bahari na milio ya wanyama. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Kwa mwanamuziki amri hiyo ina maana moja tu: kazi za usiku hakuna.

Haya, gitaa sasa.

Adui wa kwanza ni umeme. Garissa ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikiendeshwa na mashine za dizeli, mpaka njia ya umeme kutoka upande wa Mwingi ilipofika katika muongo wa 2010. Desemba 2019 ukazinduliwa mtambo wa jua wa megawati 50. Hata hivyo harusi ya hemani haichomekwi kwenye gridi, inachomekwa kwenye jenereta iliyo nyuma ya hema, mara nyingi bila waya wa ardhini. Kumbuka jambo hili unapochagua pikapu. (Si lile gari la miraa. Ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi.) Pikapu ya koili moja, kama za Stratocaster ya mwaka 1954, ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, na waya ukizungushwa hivyo unakuwa pia antena. Unadaka ule mngurumo wa mzunguko wa 50 kwa sekunde wa umeme wetu na kuupeleka kwenye spika. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya dawa yake mwaka 1955: koili pacha, moja imegeuzwa kinyume cha nyingine, mngurumo unajifuta, sauti ya nyuzi inabaki. Wenyewe waliita hambaka.

Sasa utasema nichukue Gibson niondoke. Subiri. Koili pacha ina sauti nene. Ukiipiga kwenye kantini, mbele ya askari na walimu wa bara waliotumwa kazini huko na wanaotaka benga, watakuuliza mbona gitaa limepata mafua. Benga na rumba zinataka sauti nyembamba, ya juu, inayokata kama wembe. Kuiga kaban nako kunataka koili moja, karibu na katikati, mkono wa kulia ukizibazibazia nyuzi.

Jawabu lilipatikana Marekani miaka ya 1970, na halikutoka kiwandani. Wapigaji walianza kuchimba mbao za Stratocaster na kutia koili pacha karibu na daraja. Gitaa la namna hiyo la Eddie Van Halen, alilojitengenezea mwenyewe, ndilo linalosikika kwenye albamu ya 1978, na baada ya hapo viwanda vikafuata. Yamaha walianza kuuza Pacifica mwaka 1990, na Pacifica 112 ndiyo gitaa ninaloliwazia ninapoandika haya: koili moja shingoni, koili moja katikati, koili pacha darajani. Si la bei ya kutisha. Swichi ina nafasi tano. Stratocaster za kwanza zilikuwa na nafasi tatu tu, watu wakawa wanaitega swichi katikati ya mbili, na Fender wakasalimu amri mwaka 1977 wakaweka tano. Nafasi hizo za katikati ndizo tamu, na kama koili ya kati imezungushwa kinyume, mbili zikiwaka pamoja zinafuta mngurumo pia. Hilo uliulize dukani kabla ya kutoa pesa.

Daraja lenyewe liwe lisilocheza. Yale yenye mkono wa kutikisa na springi yanaleta raha, mpaka uzi mmoja ukatike katikati ya wimbo na nyuzi zote tano zilizobaki zipande juu kwa pamoja, maana springi hazina tena mwenzao wa kuvutana naye. Ukiwa na Pacifica, fundi aweke kipande cha mbao nyuma ya daraja kulizuia. Ni kazi ya dakika kumi.

Joto je? Kiswahili kina utani wake: nyuzi joto 35 na nyuzi za gitaa sita, na zile za kwanza huzilegeza hizi za pili. Kwa mtu anayetoka Mombasa shida kubwa zaidi ni ukavu. Mbao zilizozoea unyevu wa bahari zinasinyaa, ncha za vyuma vya shingoni zinatokeza pembeni na kukwaruza vidole. Shingo yenyewe huinama, na chuma cha ndani cha kuinyosha kinahitaji ufunguo wake mdogo. Huo ufunguo usiuache nyumbani.

Jambo la mwisho husahauliwa na wengi, na linaweza kuua gitaa zuri kuliko yote niliyotaja. Kwenye harusi ya kinanda hutakuta amplifaya ya gitaa. Utakuta miksa, na utapewa tundu lililo kando ya lile la kinanda. Amplifaya ya gitaa humpokea mgeni kwa ukinzani wa kama megaomu 1, lakini tundu la miksa mara nyingi ni kiloomu 10 hivi. Pikapu isiyo na betri haina nguvu ya kusukuma mzigo huo. Sauti za juu zinamezwa, benga inakuwa uji. Weka kisanduku cha DI katikati, kile chenye saketi ya umeme ndani, au pedali yoyote nzuri ya betri ya volti 9 iliyowashwa, na sauti inarudi. Betri mbili za akiba, seti tatu za nyuzi, na ukifika umsalimie kwanza mwenye kinanda umwombe akupe sauti ya kulinganishia, kwa sababu chake hakilegei kwa jua, na mwimbaji ameshazoea kuimba nacho.