Kilimo bila udongo: Namna ya kuzuia maji yasipate joto

Mche wa saladi uliopandwa majini unaweza kunyauka adhuhuri ilhali mizizi yake imezama katika ndoo iliyojaa. Kwa familia zinazolima barazani au juu ya paa katika miji yenye joto kama Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, mara nyingi dalili hiyo hailetwi na uhaba wa maji wala wa mbolea. Chanzo chake ni maji yaliyopata joto kupita kiasi, na mavuno ya wiki kadhaa yanaweza kupotea kwa siku chache.

Kilimo hicho, kiitwacho haidroponiki, hukuza mimea katika maji yaliyochanganywa na virutubisho badala ya udongo.

Kwa nini joto hudhuru

Mizizi hupumua, na ikiwa majini hutegemea oksijeni iliyoyeyuka humo. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Maji hayo yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi miligramu 7.5 hivi. Wakati huohuo joto huongeza mahitaji ya mizizi, hivyo akiba hupungua pale inapohitajika zaidi.

Mizizi iliyodhoofika hushambuliwa kwa urahisi na vimelea vya Pythium, ambavyo huiozesha. Mizizi yenye afya ni myeupe na imara. Iliyooza huwa ya kahawia, huteleza na hutoa harufu mbaya. Kwa saladi, maji yenye nyuzi 18 hadi 22 hufaa. Yakizidi 25, mkulima hana budi kuchukua hatua.

Kuzuia joto lisiingie

Kuzuia joto ni rahisi kuliko kuliondoa. Chombo kiwekwe kivulini, kisigusane na sakafu ya saruji inayopigwa na jua, na kifunikwe kwa rangi nyeupe au karatasi ya alumini. Chombo kisichopitisha mwanga huzuia pia mwani. Penye uwanja, pipa hufukiwa, kwa kuwa udongo wa chini haupati joto la mchana kwa haraka.

Ukubwa wa chombo nao una maana: lita 60 huchelewa kupata joto kuliko lita 10. Pampu ya hewa nayo iwekwe kivulini, kwani ikiwa juani huvuta hewa ya moto na kuipeleka majini.

Kupoza kwa mvukizo

Wazee walipoza maji ya kunywa kwa mtungi: maji hupenya vitundu vya udongo, huvukizwa na hewa, na mvukizo huo huondoa joto. Mkulima anaweza kutumia kanuni hiyo kwa kuzungushia ndoo kitambaa kilicholowa na kuiacha penye upepo. Maji ya mbolea yenyewe yasitiwe mtunginI, kwani chumvi zake huziba vitundu.

Njia hii hufaa zaidi penye hewa kavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi. Katika miji ya pwani hewa huwa na unyevu mwingi, mvukizo huwa hafifu, na nafuu yake ni ndogo.

Chupa za barafu

Pwani, mwenye jokofu anaweza kugandisha maji katika chupa za plastiki na kuzitumbukiza zikiwa zimefungwa. Chupa moja ya lita moja na nusu huweza kushusha joto la lita 60 kwa takriban nyuzi mbili na nusu. Barafu isimwagwe moja kwa moja majini, kwani ikiyeyuka huzimua mbolea.

Umeme ukikatika

Bila umeme pampu husimama, na hapo mfumo usio na pampu huwa na faida. Mmoja wao ni ule uliopewa jina la mtaalamu Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Maji hupungua kadiri mmea unavyokunywa, na sehemu ya juu ya mizizi hubaki katika hewa yenye unyevu, ikipata oksijeni humo. Chombo kisijazwe tena hadi juu, kwa kuwa mizizi hiyo itakosa hewa.

Kupima kabla ya kuongeza mbolea

Maji yapimwe kwa kipimajoto alasiri, wakati joto lake hukaribia kilele. Mmea ukinyauka, mkulima achunguze kwanza joto na mizizi. Siku za joto mimea hunywa maji kwa wingi kuliko virutubisho, hivyo mchanganyiko huzidi kuwa mkali. Katika mfumo wa pampu, pengo hujazwa kwa maji matupu.

Katika miezi ya joto kali, huenda ikafaa kubadili zao: mchicha na mrehani huvumilia joto kuliko saladi.