Ziwa la Watu wa Taos

Mwaka 1598 Wapadri Wafransisko waliingia pamoja na askari wa Hispania katika nchi inayoitwa leo New Mexico, kusini-magharibi ya Amerika. Huko walikuta watu wenye kukaa katika nyumba za udongo, moja juu ya nyingine. Wahispania wakawaita Pueblo, maana yake kijiji. Kijiji kimoja, upande wa kaskazini, ni Taos.

Kila kijiji kilikuwa na kiva. Katika Taos ni chumba cha mviringo kilichochimbwa chini ya ardhi, na mtu hushuka kwa ngazi. Humo wazee waliwafundisha vijana na kutayarisha ngoma zao. Wamisionari waliona humo kazi ya Shetani, basi. Mwaka 1661 Padri Alonso de Posada, mkubwa wao, alikataza ngoma hizo na kuamuru vinyago vichomwe moto. Inasemwa vilifika 1,600. Mwaka 1680 Wapueblo wakainuka. Kiongozi wao, Popé, alikuwa amepigwa viboko miaka mitano mbele, akafanya shauri lake katika Taos. Waliua watu karibu 400, na Wafransisko 21 kati yao, wakachoma makanisa. Hao 21 tunawaombea kwa heshima. Lakini mwenye kuhesabu maiti zao ahesabu na vinyago.

Wahispania walirudi mwaka 1692. Toka hapo mapadri walijifunza, polepole, kunyamaza juu ya kiva. Na tazameni: mwaka 1847, watu wa Taos walipopigana na utawala mpya wa Amerika, walikimbilia wapi? Ndani ya kanisa la Mtakatifu Yeronimo. Askari walilipiga kwa mizinga, wakafa watu karibu 150. Mabomoko ya mnara wa kengele yangali yamesimama katikati ya makaburi. Kanisa jipya lilijengwa karibu.

Lakini mahali patakatifu kupita kiva palikuwa mlimani juu, katika Ziwa la Buluu. Mto unaotoka huko hupita katikati ya kijiji, nao hunywa maji yake. Kwao ziwa hilo ni chanzo cha uzima wao, na vijana huongozwa huko na wazee. Mwaka 1906 Prezidenti Theodore Roosevelt aliliingiza katika msitu wa Serikali, bila kuwalipa kitu. Wageni wakaja kuvua samaki na kupiga kambi. Ilifika hatua wenye ziwa kuomba ruhusa kwa maandishi ili waende kusali kwa siku chache za mwezi wa Agosti! Mwaka 1924 Charles Burke, mkubwa wa Serikali juu ya mambo ya wenyeji, alifika Taos kuwakemea kwa sababu vijana walitolewa shuleni ili wafundishwe desturi.

Serikali ilikuwa tayari kutoa pesa. Wazee walikataa: wataka ziwa. Mzee wao mkuu wa ibada, Juan de Jesus Romero, alikuwa na miaka karibu 90 alipokwenda Washington. Tarehe 15 Desemba 1970 Prezidenti Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kuwarudishia eka 48,000. Miaka 64 ilikuwa imepita. Jeraha hilo halikuhitaji tofali hata moja ili lipone. Ilitosha mzee aweze kupanda na wajukuu wake bila kumwonyesha askari wa msitu karatasi.

Seminarini tunapenda kutaja barua ya Papa Gregori Mkuu ya mwaka 601: sanamu zivunjwe, nyumba zenyewe zinyunyiziwe maji ya baraka. Shauri la hekima, bali katika Taos halitoshi, maana Gregori anafikiri kwamba nyumba itakuwa yetu. Ziwa halikuwa letu. Watu wengi wa Taos ni wabatizwa, huja Misa, kisha hupanda mlimani, wala hawasemi wanafanya nini huko. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Eklezia haikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Vema, lakini padri atapima namna gani jambo ambalo hakuonyeshwa? Naona heri angoje kuliko kuchungulia.

Tarehe 30 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, mgeni hukaribishwa kijijini: huona Misa, mashindano ya mbio, na watu wakipanda mti mrefu uliofungwa kondoo juu yake. Njia ya ziwani imefungwa kwake.