Kura ya Wafanyakazi wa Tanganyika

Vyama vya wafanyakazi vilipoungana katika TFL mwaka 1955, viongozi walichaguliwa kwa kura. Januari 1963 Victor Mkello, rais wa TFL, alihamishwa kwa amri ya serikali mpaka Sumbawanga, mbele ya Mbeya. Mwaka 1964 sheria ikaivunja TFL, ikaunda NUTA, chama kimoja tu, na Katibu Mkuu wake akateuliwa na Rais wa nchi. Basi mchuma chai wa Mufindi au Rungwe aliweza kuichagua kamati ya mahali pake pa kazi. Lakini kwa cheo kile kikuu hapakuwa na mgombea wa kumnadi wala wa kumpinga. Tena Katibu wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa Waziri wa Kazi. Twajiuliza, malalamiko ya wanachama aliyapeleka kwa nani serikalini, kama si kwake mwenyewe?